Za Mwizi Arobaini, Nani Anazihesabu?

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, Ng'ambo, Tabora. Naiweka yote kwa waliokuwa kazini, shambani na safarini, maana wengi wameniuliza nilisema nini hadi mzee mmoja akainuka na kiti chake. Nimeyaacha maneno karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mtendaji wetu, Afande Mkaguzi wa Kata, sheikh wetu na mchungaji wetu ambao leo mmekaa benchi moja, wazee wangu, mama zangu, na nyie wanangu wa bodaboda mlioegesha huko nyuma na injini zinanguruma: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwadila!

Hizo injini zimeni basi, mafuta yenyewe bei mnaijua. Haya.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana ameweka saa yake hapa mezani.

Niwaulize swali. Tunasema za mwizi arobaini. Kila mtoto aliyepo hapa anaijua. Lakini hizo arobaini, nani anazihesabu? Mwizi mwenyewe hahesabu. Polisi wanahesabu zile tu zilizofika kituoni zikaandikwa. Aliyeibiwa anahesabu yake moja, analia, ananunua kufuli jipya, basi. Jirani yake naye ana moja yake ya mwaka juzi, kaikalia kimya. Kila mtu hapa ana moja kifuani. Na mwizi wetu yuko kwenye ya thelathini na nane, anapita asubuhi anatuamkia, "Shikamoo mama," na sisi tunaitikia marahaba.

Nilichokuja kusema ni hiki. Mtaa huu hauibiwi kwa kukosa makufuli. Makufuli tunayo, hadi kwenye mabanda ya kuku. Unaibiwa kwa sababu habari zake zinakwenda kombo. Tunachokijua hatumwambii mtu anayeweza kufanya kitu. Tusichokijua ndicho tunachokipigia kelele.

Wengi mnakijua kisa cha yule mama mshonaji. Yuko hapa, ameniruhusu nikisimulie, jina lake nitaliacha. Alisafiri kwenda Urambo kwenye msiba. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, sikilizeni vizuri, si saa nane usiku, saa nne asubuhi, jua limewaka, watoto wako shule, guta likaja hadi mlangoni kwake. Vijana wawili. Wana funguo, au chuma kinachofanya kazi ya funguo. Wakatoa charahani mbili. Wakatoa jokofu. Godoro wakalikunja, wakalifunga kamba ya katani, fundo mbili, kwa utulivu kabisa, kama watu waliolipwa kwa siku. Wakapakia. Guta likafika pale kwenye kona yetu yenye mchanga, ile mnayoijua, likakwama.

Mzee wetu mmoja, mtu mstaarabu, alikuwa anarudi dukani na mkate. Akauweka mkate juu ya ukuta. Akasukuma.

Alisukuma guta, ndugu zangu! Likatoka. Vijana wakamshukuru, wakamwita baba, wakaenda zao.

Msicheke sana, sijamaliza. Mama wa nyumba ya pili aliwaona wanapakia, akadhani mwenzake anahama na hakumuaga, akanuna. Kijana wa duka aliwauzia maji ya kunywa. Dada wa genge alikuwa amemwona mmoja wao siku chache kabla, anauliza bei ya nyanya hanunui, halafu anauliza, "Mshonaji yupo siku hizi?" Na mlinzi wa usiku aliliona guta hilohilo limelazwa nje ya nyumba ambayo haina mwenye guta. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Vipande hivyo vilikutana lini? Jioni ile mshonaji aliporudi, uani kwake. Hapo sasa! "Mimi niliwaona!" "Hata mimi!" "Yule mfupi mwenye kofia, siyo?" Na yeye kakaa kwenye sakafu tupu, anatusikiliza, mkoba wa safari bado uko begani.

Nilimfuata yule dada wa genge nikamuuliza, mbona hukusema? Akanijibu: "Ningemwambia nani? Na ningesemaje, kwamba kuna mtu kauliza kama mshonaji yupo?"

Jibu hilo nimekaa nalo sana, kwa sababu lina haki. Hatukuwahi kumwambia amwambie nani. Tunabandika matangazo ya michango, tunabandika matangazo ya chanjo, lakini namba ya mjumbe wa eneo lako iko wapi? Basi kuanzia leo iko kwenye kila duka, kwa maandishi makubwa, pamoja na ya Mtendaji na ya Afande. Na 112 ya polisi ni bure, hata simu yako ikiwa haina salio.

Na utasemaje? Sema ulichokiona kwa macho. Wapi, saa ngapi, wameelekea upande gani, chombo gani. Usiseme "yule simwamini." Kutomwamini mtu ni jambo la moyoni mwako, halimsaidii mjumbe. Lakini ukisema "guta la buluu, halina mwenyewe, limelala hapa tangu jana," hiyo ni habari, mjumbe ana pa kuanzia.

Lingine dogo. Ukisafiri, aga. Sisi watu wa Tabora tunasifika kwa salamu ndefu; tunauliza ya nyumbani, ya shambani, ya watoto, hadi ya mifugo. Mbona wale wa guta tuliwapita kwa mkato? Ungewasalimia kawaida tu: "Habari za kazi wanangu, mnahamia wapi? Mama mwenyewe yuko wapi nimuage?" Mtu wa kweli atakujibu na kukukaribisha huko anakohamia. Mwizi hapendi kuulizwa hali mara tatu.

Sasa msije mkatoka hapa mkaanza kuwinda wageni. Hilo nalisema mapema kwa sababu nimeshaanza kuwasikia. "Tatizo ni hawa wanaoshuka na treni." Ndugu zangu, mji huu ni wa nani? Kabla ya reli, misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipumzika hapa. Reli ikafika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma, baadaye ikatolewa tawi kwenda Mwanza. Ukishuka pale stesheni utamkuta anayesubiri treni ya Kigoma, anayekwenda Mwanza, anayekwenda Mpanda. Wengine walishuka kubadilisha treni, wakaoa, wakabaki, na wajukuu zao wako kwenye mkutano huu. Ukiwafukuza wageni Tabora, nani atabaki wa kufunga geti? Yule aliyeuliza kama mshonaji yupo, mnajua alikuwa anaishi wapi? Mitaa miwili kutoka hapa. Mwenyeji kabisa.

Mgeni tunataka tumjue, kumwogopa ni jambo jingine. Wenye nyumba za kupangisha, nawaona mnainama. Mpangaji akija, nenda naye ofisi ya mtaa, aandikwe kwenye daftari la wakazi, aje na barua ya utambulisho kutoka alikotoka na kitambulisho chake. Baadhi yenu mnaogopa daftari kuliko mnavyomwogopa mwizi, na tunajua kwa nini. Kodi hiyo mtaongea na wenyewe, mimi sikuja kwa ajili hiyo.

Kuna habari nyingine tunazificha, na hapa nitasema kidogo tu kwa sababu watoto wapo. Kelele za usiku kwenye nyumba ya jirani. Mama anayefunga kitenge hadi shingoni katikati ya joto la Oktoba. Mtoto wa kazi ambaye hatumwoni akitoka. Tunasema ni mambo ya ndani. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa ajili ya mambo hayo ya ndani. Namba 116 ni ya kumsaidia mtoto, bure. Kupiga simu hiyo hakumfanyi mtu kuwa mmbea. Hapo nimemaliza.

Twende kwenye mita za maji.

Tulilia miaka na miaka hatuna maji. Maji ya Ziwa Victoria yakavutwa hadi Tabora, mama zangu mnakumbuka tulivyoshangilia. Sasa maji yamefika, mita zinaondoka. Mtu anakuja usiku na spana, dakika chache kafungua, kaondoka na kile kiungo cha shaba na mita yake. Maji yanamwagika hadi alfajiri, barabara inakuwa matope, na asubuhi unamkuta mwenye nyumba kashika bomba kwa mikono miwili anaita watu.

Nauliza tena: mita ya maji inakwenda wapi? Mita hailiwi. Haivaliwi. Huwezi kumpa mchumba. Inakwenda kwenye mizani, ile ya kuning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, na kabla ya kufika huko imepigwa nyundo ili ile namba yake isisomeke. Kila mita ina namba. Aliyeipiga nyundo alijua anachofanya, na aliyeipokea ikiwa imepondwa alijua pia.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wako hapa, nawaona, na mmoja wao nilimsimamia ubatizo, kwa hiyo leo nitamsema bila kumung'unya. Biashara yenu ni halali. Mnalisha familia, mnasafisha mji. Lakini mtu akikuletea mita iliyopondwa, mfuniko wa chemba, waya wa umeme uliochomwa moto kuondoa ile plastiki, au chuma cha reli, wewe unajua kabisa hakikuota kwenye shamba lake la mihogo. Mwandike. Jina, simu, kitambulisho, alichokuuzia. Akikataa kuandikwa, asiuze. Na Mwenyekiti amekubali kwamba madaftari hayo yatakaguliwa ofisini kila mwezi, Afande akiwepo. (Palepale mzee mmoja aliinuka na kiti chake akaenda kukaa mbali.) Ni haki yake, mkutano una uhuru.

Lakini tusiwaangushie wao peke yao. Sisi je? Kijana wetu mmoja wa bodaboda, mtoto mzuri, hana tabia ya wizi, alinunua simu. Simu ya laki tatu kwa shilingi elfu arobaini. Alifurahi, akapiga nayo picha, akaweka laini yake mwenyewe iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole. Mwenye simu alikuwa ameshakwenda polisi akachukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Muda haukupita, wakamfuata kijana kijiweni. Mahojiano yalikuwa hivi, mimi niliyasikia kwa sababu mama yake alinipitia twende wote:

"Simu hii umeipata wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa nani?"

"Kwa jamaa."

"Jamaa anaitwa nani?"

"Jamaa tu, afande. Tunamwita jamaa."

Jamaa hakuonekana tena. Kijana alilala ndani, mama yake akauza mbuzi kuhangaika naye. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inasema kupokea mali ya wizi huku unajua au una sababu ya kujua ni kosa. Na elfu arobaini kwa simu ya laki tatu, sababu ya kujua iko wapi? Iko kwenye bei!

Wazee wangu mnanishangaza jambo moja. Hakuna hata mmoja wenu anayeweza kununua ng'ombe kwa mtindo huu. Ng'ombe utauliza alama yake, utauliza kibali, utamtaka mwenye zizi, utaita mashahidi wawili, na mtakunywa chai. Simu inayobeba hela zako zote za tumbaku unainunua gizani nyuma ya kibanda cha chipsi. Kwa nini? Mauziano ya kitu kilichotumika yafanyikie kwa mjumbe. Karatasi moja, majina mawili, picha ya kitambulisho. Basi.

Toeni simu zenu sasa. Ndiyo, sasa hivi, hata mchungaji. Bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Umeona namba inatokea? Tarakimu kumi na tano. Hiyo ndiyo namba ya mwili wa simu, laini ikibadilishwa yenyewe inabaki. Iandike nyuma ya daftari la mtoto, iandike kwenye karatasi ya kadi ya kliniki, popote, isipokuwa ndani ya simu hiyohiyo. Ukiibiwa ukaenda polisi na namba hiyo, umewapa pa kushika. Ukiwaambia "ni nyeusi, ina kioo kilichopasuka kidogo," umewaelezea nusu ya simu za Tabora.

Kuhusu wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na wale wanaopiga wakisema mwanao kaanguka shuleni tuma hela ya matibabu haraka, mnawajua, hasa msimu wa malipo ya tumbaku. Usijibu. Usitukanane nao, ni kupoteza muda. Ujumbe wenyewe na namba iliyoutuma, peleka kwenda 15040. Na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukaitwa kuhojiwa kwa laini ya mtu usiyemjua. Mwenye shida ya kufanya hivyo aje kwa vijana wangu pale mezani, bure.

Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Hii inayofuata nitaomba univumilie, kwa sababu ndiyo iliyonileta.

Baada ya zile mita kuibiwa, ikaingia sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Mama mmoja, hatumjui, anahema, anasema wezi wa mita wanavaa fulana za kijani, wanajifanya mafundi, wakikukuta peke yako wanakupulizia dawa. Tuliisambaza. Mle ndani tuko wengi, nadhani kila mmoja aliituma mahali. Hakuna aliyetazama kile kialama cha mishale miwili juu ya ujumbe, kinachoonyesha umeshapita mikono mingi sana kabla ya kufika kwako.

Siku ya tatu kijana wa watu akaja. Fundi bomba. Mwenye nyumba yuko Dodoma, aliambiwa na mpangaji kwamba kuna uvujaji karibu na mita, akamtafuta fundi kwa simu. Fundi kafika, kavaa fulana ya kijani. Kwa nini ya kijani? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Kachuchumaa, kashika spana, mkono mmoja kwenye mita.

Mtoto akapiga yowe. Mama akalipokea. Dakika mbili, watu walikuwa wamejaa. Nilikuwa dukani kwangu, nilipofika wameshamvua kiatu kimoja na jicho limevimba. Mtu keshashika tofali. Na nyuma huko nikasikia, kwa masikio yangu, mtu anauliza, "Petroli ipo?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida. Kama anauliza chumvi.

Aliyemwokoa ni mzee wetu mstaafu wa reli. Hakupiga kelele. Aliingia katikati, akamkalia yule kijana miguuni, ndiyo, akakaa chini kabisa kwenye tope, akasema, "Mnipige na mimi, lakini kwanza aniambie nani kamtuma." Kijana anatetemeka, hawezi hata kushika simu. Mzee akaichukua, akapiga namba ya mwisho, akaweka sauti ya nje. Mwenye nyumba akaitika kutoka Dodoma: "Vipi fundi, umemaliza?"

Watu walitawanyika bila hata mmoja kusema pole. Tofali nililiokota mimi.

Ndugu zangu, kijana yule angekufa, magazeti yangeandika ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi wenye hasira kali ni nani? Wana namba ya nyumba? Ni sisi. Kwa sheria ni mauaji, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake iko kifungu cha 197, ni kunyongwa. Hakuna kifungu kinachosema "isipokuwa mkiwa wengi." Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Na mnisikie wenye kidole chepesi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kabla ya kutuma, uliza tu: hii ni ya wapi, ya lini, nani kaiona kwa macho? Ikikosa majibu, ifie hapo kwako.

Najua mtaniambia, mama, lakini sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walimaliza wizi kwa njia hiyo. Nilijua mtasema. Wazee mliokuwepo mnisahihishe. Vita vya Kagera vilipoisha mwaka 1979, bunduki zilibaki mikononi mwa watu ambao si wa kuwa nazo. Ng'ombe wakaibiwa, watu wakavamiwa, barabara zikawa hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi, Shinyanga na huku kwetu Tabora, wakasimama wenyewe kwa upinde, mshale na filimbi. Mwano, lile yowe la kuita watu, ukipigwa, wanaume wanatoka. Anayebaki ndani anatozwa faini, akizidi anatengwa, hakuna wa kumsaidia wala wa kumsalimia. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, wakatambuliwa.

Sasa tazameni walivyofanya kazi walipofanya vizuri. Mwano ulikuwa na maana moja, na aliyeupiga alijulikana. Ukiupiga bure, unaitwa mbele ya watu unajieleza. Nyayo za ng'ombe zikifuatwa hadi mpaka wa kijiji, kijiji cha pili kinazipokea, kinaendelea, na kisipoziendeleza kinaulizwa zimeishia wapi. Hiyo ni habari inayotembea mkono hadi mkono, na kila mkono una jina. Ile sauti ya mama wa fulana ya kijani, nani aliipiga? Mwano gani huo usio na mwenyewe?

Na walipofanya vibaya, tuseme pia. Watu walipigwa hadi wakakiri wasiyoyafanya. Ukanda huu wetu, Shinyanga, Tabora, Mwanza, umezika bibi wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho ya mtu aliyepuliza kuni mbichi na mavi ya ng'ombe maisha yake yote yatakuwa na rangi gani? Walioua hao bibi nao waliamini wanalinda kijiji. Kwa hiyo mkiniambia turudishe sungusungu, nauliza: wa siku ipi? Wa kufuata nyayo, tuko pamoja. Wa kutafuta macho mekundu, mimi sipo, na nitapiga 112 mwenyewe.

Sheria inaturuhusu kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yetu. Inatuamuru tumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kati ya kumkamata na kumkabidhi hakuna sehemu ya kipigo. Haipo, nimeitafuta. Kikundi chetu cha ulinzi shirikishi kitafanya hivi: anayekamatwa anakalishwa chini, mjumbe anaitwa, Afande anapigiwa, na wawili miongoni mwetu, kwa majina, wanabaki naye mpaka gari lifike. Akifikishwa kituoni na jeraha alilolipatia mikononi mwetu, hao wawili ndio watakaojibu. Nilipolisema hili kwenye kamati, kijana mmoja alisema basi yeye hataki kuwa kati ya hao wawili. Nikamwambia ahsante, umeelewa.

Mchango wa ulinzi. Mmelalamika na mna haki, mwaka jana zilikusanywa bila risiti na hesabu hatukuziona. Safari hii anayekuja bila kitabu cha risiti usimpe hata mia. Mapato na matumizi yatabandikwa ofisini kila mwisho wa mwezi. Kwa wanaolinda, tochi, makoti ya mvua na filimbi vinanunuliwa kwanza, posho baadaye.

Daftari la zamu liko pale kwa Katibu. Zamu ya usiku inaanza Jumatatu saa nne, mnakutana duka la kona, msije kwangu kugonga. Asiyeweza kukesha alete chai ya tangawizi au betri za tochi, na wazee wenye vifua hatuwadai chochote. Zamu ya mchana, mama zangu, ni yetu: wawili wawili, kazi zako unafanya kama kawaida, ila macho nje na namba ya mjumbe kwenye simu. Wa bodaboda mtachagua mwakilishi wenu leo kabla ya kuondoka, na asiwe yule anayezima simu saa mbili.

Afande, karibu, uwanja ni wako. Wenye maswali pangeni foleni upande wa kivuli. Mwenye swali la mbwa wa jirani amsubiri Mtendaji, hilo liko kwenye ajenda namba sita.